Mtoto akiuliza stelingi ni nani

Desemba iliyopita tulikuwa Uru, huko Moshi, kwa mama, nyumba imefurika kama inavyofurika kila Krismasi. Wa Dar walishafika, wa Arusha walishafika, magodoro yametandikwa mpaka kwenye chumba cha kuwekea kahawa, na baridi ya mlimani ilipoanza kushuka kila mtu akajisogeza sebuleni. Tivii ni moja. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo mwaka wa pili, alikuja na eksteno, diski ya kuhifadhia muvi, iliyojaa sizoni. Taarifa ya habari ya saa mbili ilipoisha akanigeukia: "Baba mdogo, niweke kitu? Hii ni kali, halafu ina mafunzo." Nikamwambia weka.

Akaweka Breaking Bad. Kwa asiyeijua, ni tamthilia ya Marekani iliyorushwa kuanzia Januari 2008 hadi Septemba 2013. Inamhusu Walter White, mwalimu wa kemia wa sekondari katika mji wa Albuquerque, mwenye miaka 50, mke mjamzito na kijana mwenye ulemavu. Siku moja anaambiwa ana saratani ya mapafu. Anaamua kupika dawa za kulevya, akishirikiana na kijana aliyewahi kumfundisha darasani, ili akifa aiachie familia yake fedha. Ni kazi iliyofanywa kwa ustadi mkubwa, na lolote nitakalosema hapa chini lisisomwe kama dharau kwake. Nitataja pia matukio yaliyomo, kwa hiyo ambaye hajaiangalia na hapendi kusimuliwa aishie hapa.

Sebuleni tulikuwa kama kumi na wawili. Mama kwenye kiti chake, mashemeji kwenye makochi, dada anayemsaidia mama kazi za nyumbani amesimama mlangoni, binti yangu wa kidato cha tano, na mwanangu wa mwisho, miaka minane, amekaa chini kwenye mkeka na sahani ya machalari mapajani.

Katika episodi ya kwanza kuna mahali mwalimu na mkewe wako kitandani, chini ya shuka. Shemeji mmoja akakohoa. Kaka yangu akaiparamia rimoti, akapeleka mbele haraka, watu wakapumua. Walikuwa mume na mke wa ndoa.

Katika episodi ya pili wanataka kuupoteza mwili wa mtu waliyemuua. Yule kijana anaumwagia tindikali ndani ya beseni la kuogea, tindikali inalitoboa beseni na sakafu, na vyote vinadondoka kutoka ghorofa ya juu pamoja na kile kilichobaki cha yule mtu. Hakuna aliyekohoa. Rimoti ilikuwa pale pale juu ya meza. Kijiko cha mwanangu kilisimama katikati ya sahani na mdomo, ndizi ikaning'inia, halafu akanigeukia na kuuliza: "Baba, stelingi ni nani? Ni huyu mwalimu?"

Nikamjibu, "Ndiyo." Akarudi kwenye sahani yake, ametulia.

Nimeishi na jibu lile tangu siku hiyo. Ndilo linalonifanya niandike.

Aliyekulia kwenye mabanda ya video anajua uzito wa neno stelingi. Ukiingia umechelewa, filamu imeshafika nusu, swali la kwanza unalomnong'oneza wa jirani ni hilo: stelingi nani? Ukishaonyeshwa, umemaliza kazi. Unajua wa kumshangilia, unajua wengine wote ni maadui, na unajua kwamba hata akining'inizwa juu ya mto wenye mamba, stelingi hafi. Kwa filamu zile za mapigano utaratibu huo ulitosha, kwa sababu aliyekuwa stelingi ndiye aliyekuwa na haki. Alikuwa analipiza kifo cha mwalimu wake, au anaokoa kijiji. Neno moja lilibeba mambo mawili: mhusika mkuu, na mtu mwema.

Tamthilia ya uhalifu ya watu wazima imeyatenganisha hayo mawili kwa makusudi. Inamweka mhalifu katikati, inakuingiza nyumbani kwake, inakuonyesha anavyomfunga mwanawe kiatu na anavyokohoa peke yake bafuni, mpaka unamwombea asikamatwe. Kisha anafanya jambo la kinyama, na wewe unajikuta ulikuwa upande wake. Hapo ndipo utamu wake ulipo, na hapo ndipo mafunzo anayoyasema mwanangu wa chuo, yule wa kaka, yanapopatikana. Lakini ili uyapate lazima uwe na macho mawili: moja la kumhurumia mtu, jingine la kumhukumu, na yote mawili yafanye kazi kwa wakati mmoja. Mtoto wa miaka minane ana moja. Mimi nikamwambia kwamba anayepika sumu ndiye stelingi, naye akaelewa kama anavyoelewa siku zote, kwamba ndiye mwenye haki.

Sisi wazazi wa huku tunaposema filamu "inafaa kwa familia", tunapima kwa aibu. Swali letu ni je, naweza kukaa na mama mkwe hii ikiwa inaonyeshwa? Siidharau aibu. Imelinda heshima ndani ya nyumba zetu, na siombi ife. Lakini aibu haioni uhalifu. Bastola haimfedheheshi mtu mbele ya baba mkwe, wala kisu hakimfanyi shemeji akohoe. Kwa kipimo hicho, busu la mke na mume linakatwa na mauaji yanapita, na mtoto aliyekaa kwenye mkeka anajifunza kwa kuangalia mkono wa baba yake unapokwenda. Siku ile alijifunza kwamba mapenzi ni kitu cha kufichwa haraka na maiti ni kitu cha kuangaliwa huku ukila.

Wenzetu wanatumia herufi. Mwenye king'amuzi cha Afrika Kusini ameshaziona kwenye kona ya skrini: namba ya umri, kama 13, 16 au 18, kisha V ya vurugu, L ya lugha chafu, S ya ngono, N ya utupu. Marekani walianza alama zao za televisheni Januari 1997, na herufi za kueleza kilichomo zikaongezwa mwaka huo huo baadaye. Alama yao ya juu ni TV-MA, maana yake ni ya watu wazima na huenda isimfae aliye chini ya miaka 17, na Netflix wameibandika kwenye tamthilia hii. Ni msaada, ila inabidi uzisome kwa kujua zinatoka wapi. Chukua herufi D. Kwa Afrika Kusini inaonya kuhusu dawa za kulevya. Kwa Marekani inaonya kuhusu mazungumzo yenye kuashiria ngono. Mzazi wa Moshi anayepokea vipindi vya pande zote mbili kwenye tivii moja anaweza kuisoma vibaya na asijue kamwe.

Na kwenye eksteno ya mwanangu hakukuwa na herufi hata moja. Ukinakili, alama inabaki ulikonakili. Nenda pale mjini karibu na stendi, kwenye maduka ya kuweka muvi kwenye flashi: unapewa orodha ya majina, unachagua, unalipa, unaondoka. Niliwahi kumkuta mtoto aliyevaa sare ya shule ya msingi akiwekewa sizoni ya mauaji, na aliyemuuzia alimuuliza kitu kimoja tu, flashi yako ina nafasi kiasi gani. Kwenye mabanda kuna jambo jingine tena, sauti ya mtafsiri. Ninaipenda kazi ya watafsiri wetu, imewafikishia filamu watu ambao lugha ya kigeni ilikuwa imewafungia mlango. Lakini mtafsiri akitia utani juu ya mtu anayechinjwa, banda zima linacheka, na mtoto anacheka na banda.

Tunayo Bodi ya Filamu, na tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Sheria hiyo imeshafanyiwa marekebisho, lakini ilizaliwa wakati Tanzania Bara haina televisheni kabisa, maana matangazo ya televisheni huku Bara yalianza mwaka 1994. Ilifikiria ukumbi wenye mlango, na mlangoni mtu anayeweza kumwambia mtoto rudi nyumbani. Sebule ya mama yangu haina mtu huyo. Siku ile mtu huyo nilikuwa mimi, na nilisema weka.

Hata hivyo, herufi zingekuwepo nisingekuwa nimesalimika. Herufi zinahesabu damu, matusi na nguo. Tukio zito kuliko yote katika tamthilia hii, kwa maoni yangu, liko karibu na mwisho wa msimu wa pili, na halina bastola, halina tusi, wala damu. Walter anaingia chumbani usiku na kumkuta yule kijana mwenzake, Jesse, amelala na mpenzi wake, wote wawili wamelewa heroini. Anamtikisa Jesse ili amwamshe, na bila kukusudia yule binti anageuka na kulala chali. Binti anaanza kutapika na kukabwa na matapishi. Walter anamkimbilia, mkono umeshanyooshwa. Halafu anasimama. Binti huyo alikuwa anamtishia, na akifa matatizo mengi yamekwisha. Anabaki amesimama, anatazama, machozi yanamtoka, mpaka kimya kinarudi.

Ukimpa mtu kazi ya kuhesabu vurugu, hapo atahesabu sifuri. Hakuna aliyempiga mtu. Mtoto mdogo ataona binti amekufa kwa bahati mbaya na mzee mmoja anasikitika. Mtu mzima ameshuhudia mauaji.

Tatizo kubwa zaidi ni urefu. Tamthilia ina episodi 62, za takribani dakika 47 kila moja. Jumla ni kama saa 48, siku mbili bila kulala. Kwa muda huo wote Walter anarudia utetezi mmoja: nimefanya kwa ajili ya familia. Ni katika episodi ya mwisho kabisa ndipo anakiri mbele ya mkewe kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa aliipenda kazi ile na aliiweza. Hukumu inasomwa mwisho. Anayeishia msimu wa pili amesikiliza utetezi wa mshtakiwa na kutoka mahakamani. Na sisi wengi tunaishia hapo, kwa sababu umeme umekatika, kwa sababu flashi ilijaa, kwa sababu likizo imekwisha na mwenye eksteno amepanda basi kurudi Dar. Vijana wetu wengi wamebaki na mwalimu jasiri aliyevaa kofia nyeusi. Yule wa mwisho hawajawahi kumwona.

Kuna wanaosema haidhuru, mradi mwisho mhalifu anaadhibiwa. Nilikuwa mmoja wao. Kilichonitikisa ni jaribio ambalo Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alilichapisha mwaka 1965. Watoto wa chekechea walionyeshwa filamu ya mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu la mpira. Kundi moja lilimwona akizawadiwa, jingine likamwona akiadhibiwa, jingine halikuona lolote zaidi. Walipoachwa na sanamu lile, walioona adhabu waliiga kidogo kuliko wengine. Ungedhani adhabu imefundisha. Halafu wakaahidiwa zawadi kila mmoja, waonyeshe yule mtu alifanya nini, na tofauti ikatoweka. Wote walikuwa wameshayashika. Adhabu ilikuwa imewazuia wasitende, haikuwazuia wasijifunze. Sanamu la mpira si tamthilia, na chekechea ya Stanford si Uru, najua. Lakini baada ya kusoma habari ile siwezi tena kuuegemea mwisho wa hadithi kama dawa ya mwanzo wake.

Watoto wa mkoa huu hawahitaji tivii iwaambie kwamba dawa za kulevya zipo. Mirungi ya milima ya Same inajulikana, bangi ya Arumeru inajulikana, na kila mtaa una kijana aliyenunua gari ambalo hakuna anayeuliza lilitoka wapi. Wanachokosa mtaani ni sura ya heshima ya biashara hiyo. Muuzaji wanayemjua ni mtu wa kukimbia polisi. Tamthilia inawapa mwalimu, baba wa familia, mwenye tai na shahada, anayeugua. Kwa mtoto ambaye watu wote anaowaheshimu ni walimu na wazazi, kinga ile aliyokuwa nayo mtaani inavuliwa sebuleni.

Nirudi kwa mama. Mwanangu wa chuo alikuwa anamtafsiria kidogo kidogo. Mama alikuwa kimya muda mrefu, mikono ndani ya khanga. Habari ya saratani ilipotajwa, na gharama za matibabu, akauliza: "Sasa mjukuu wangu, ndugu zake wako wapi? Hawakumchangia?"

Watu walicheka, kwa upendo, kama tunavyocheka wazee wanapoongea na tivii. Mama alikuwa ameshika mzizi wa hadithi nzima. Kwetu mtu akiugua kitu kikubwa akapelekwa hospitali ya KCMC au Ocean Road, kikao kinakaa, daftari linafunguliwa, mwenye elfu tano anatoa na mwenye ng'ombe anauza. Na katika episodi ya tano ya msimu ule ule wa kwanza, Walter anachangiwa. Rafiki zake wa zamani, ambao wametajirika, wanampa nafasi ya kazi yenye bima nzuri, kisha wanajitolea kulipa matibabu yote. Anakataa. Kwa kiburi, na kwa kinyongo cha miaka mingi, anarudi kupika sumu, na nyumbani anamdanganya mkewe kwamba hao marafiki ndio wanaolipa. Tukio hilo ni la maneno tu, halina mlipuko, na ndilo linalovunja utetezi wake. Familia ingeweza kuokolewa bila mtu yeyote kufa. Mtoto anayesubiri mapigano analipita kama tangazo la biashara.

Kwa hiyo msimamo wangu. Kama sebule yako ina mtoto wa shule ya msingi, tamthilia hii isiwekwe, hata ukiwa umekaa naye, hata ukiwa na rimoti mkononi, kwa sababu rimoti inakata picha na haikati stelingi. Kidato cha kwanza hadi cha tatu nasema bado, na hapa najua vijana watanung'unika. Umri ule ndio wa kutafuta mtu wa kumfuata, na huyu anafuatika mno. Kuanzia miaka 16 au 17, ndiyo, tena ningependa waione, kwa sharti la kuwa na mtu mzima pembeni na kuimaliza yote. Asiye na saa 48 za kukaa na mwanawe asianze naye.

Najua jibu linalokuja: watoto wanaona mabaya zaidi kwenye simu, sebule itazuia nini? Wanaona, ni kweli, na wanayaona wamejifunika blanketi, wakijua kwamba wanaiba. Kinachowekwa sebuleni, mbele ya bibi, baada ya sala ya chakula, kimepewa baraka za nyumba. Baba alikuwepo, akanyamaza. Ukimya huo kwa mtoto ni ruhusa kubwa kuliko simu yoyote.

Usiku ule nilizima baada ya episodi ya pili, nikasingizia kwamba mama amechoka. Binti yangu hakukubali yaishe. Tuliporudi mjini aliomba tuendelee, mimi na yeye, mdogo wake akishalala. Ana miaka 17. Tulikwenda episodi mbili mbili, Januari yote, mpaka usiku wa lile tukio la chumbani. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, na Walter aliposimama na mkono wake ukarudi chini, binti yangu akapaza sauti: "Mgeuze! Si umgeuze!" Akainuka, akaichomoa tivii ukutani, akaenda kulala bila kuniaga.

Siku mbili hakuitaja. Ya tatu, tukiosha vyombo, akaniuliza kama tunaendelea. Nikamuuliza kwa nini anataka kuendelea.

"Nataka kuona kama atamwambia Jesse," akasema.